Gitaa Langu Lina Jina la Fundi Ndani Yake



Juzi kijana mmoja wa ushirika wetu alinitumia ujumbe. Aliandika kwa heshima, na swali lake ni halali kabisa, kwa hivyo nilimwomba ruhusa nilijibu hapa mbele ya wote. Aliuliza hivi: "Pasta, nasikia lile gitaa lako la stima hukununua dukani, uliagiza fundi akutengenezee, na bei ilipita elfu sabini. Wewe ndiye hutufundisha kuridhika na tulicho nacho. La dukani lingekuwa na kasoro gani?"

Nimefurahi ameuliza. Kundi lisilouliza mchungaji wake habari za pesa litajuta siku moja. Kaa nami dakika chache, kwa sababu jibu langu lina sehemu mbili. Moja inanihusu mimi. Ya pili inakuhusu wewe na mtu fulani ambaye huenda anakudai.

TUANZE NA PESA

Gitaa lile liligharimu shilingi 72,000. Hakuna hata shilingi moja ya sadaka iliyoingia humo. Tuliuza ndume wetu nikalipa 30,000 za kwanza. Zilizobaki nililipa kidogo kidogo kwa miezi tisa, kutokana na maziwa ya ng'ombe wetu wawili. Mama Mchungaji alikubali kwa sharti moja: tangi la maji kwanza, gitaa baadaye. Tangi lilifika mwezi wa tatu, kazi ya gitaa ikaanza mwezi wa nne. Mnaomjua mnajua hapakuwa na njia nyingine.

Kuna wapendwa waliotaka kunitetea kwa Marko 14, habari za yule mwanamke aliyevunja chupa ya marhamu ya bei kubwa. Asanteni, lakini hapana. Yule mama alimmiminia Yesu kichwani. Hili gitaa ni langu, na linalala nyumbani kwangu. Tusichukue andiko kubwa tukafunikia kitu cha mtu binafsi.

Sababu yangu ni ya kawaida zaidi. Walio karibu nami wamekiona kidole changu cha pete, mkono wa kushoto. Nikiwa na miaka kumi na moja nilikatwa na panga nikikata majani ya ng'ombe, na kidole kilipopona kilibaki kimepinda. Mpaka leo hakinyooki. Sasa, mpiga gitaa hutumia mkono wa kushoto kubonyeza nyuzi kwenye shingo ya gitaa. Kiwanda hutengeneza shingo kwa kipimo cha mkono wa mtu yeyote, na mkono wangu si wa mtu yeyote. Kwa miaka mingi nilipiga nyimbo tano au sita, halafu nikampa mwingine gitaa kwa sababu ya maumivu. Wengi wenu mlifikiri ni unyenyekevu. Ilikuwa ni kidole.

NILIVYOMPATA FUNDI

Nilimpata siku tuliyokwenda kununua jeneza.

Familia moja ya ushirika wetu ilikuwa imefiwa na baba. Nikawasindikiza hadi karakana moja ya mabati hapa Kitale. Familia ilipokuwa ikichagua, nilisikia kutoka nyuma uzi mmoja ukipigwa, ukikazwa, ukipigwa tena. Nikainama chini ya pazia la gunia. Nikaona meza, taa moja, na magitaa manne yakining'inia ukutani.

Mzee mwenyewe, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliona nimeshangaa. Akaniambia, "Pasta, kule mbele natengeneza vya kwenda. Huku nyuma natengeneza vya kubaki."

Nilirudi wiki tatu baadaye, mazishi yakiwa yamepita. Nilidhani ataniuliza nataka rangi gani. Hakuuliza rangi. Alisema, "Nipe mkono." Akakitazama kidole changu, akakipinda polepole mpaka pale kinapokataa. Kisha akachukua kipande cha mti wa saipresi, akakichonga umbo la shingo ya gitaa, akaniambia nikishike na nifumbe macho. Akanyang'anya, akaparura upande mmoja, akanirudishia. Tulifanya hivyo siku tatu tofauti, mpaka kile kipande kikakaa mkononi kama mpini wa jembe la zamani. Ndipo akakata mbao yenyewe.

Mpendwa, ningetaka uelewe kazi iliyomo, kwa sababu huwezi kuheshimu kazi usiyoijua.

Kiwiliwili cha gitaa langu ni mvule. Ulikuwa kaunta ya duka kuukuu lililobomolewa. Fundi hakutafuta mbao kuukuu kwa ajili ya urembo. Mbao mbichi ina maji ndani yake, na ikikauka hujikunja na kupasuka. Ubao mnene unaoanikwa kivulini unahitaji mwaka na zaidi kabla hujatulia. Ile kaunta ilikuwa imekauka miaka mingi kabla hatujaifikiria. Ubao mweusi ulio juu ya shingo, pale vidole vinapokanyaga, ni mpingo, mabaki ya wachonga vinyago. Mpingo ni mgumu na mzito hata ukiutupa majini huzama.

Juu ya ubao huo kuna vipande vyembamba vya chuma vinavyoitwa freti. Kila kimoja kina mahali pake kwa hesabu. Urefu wa uzi kwenye gitaa langu ni milimita 648, na freti ya kumi na mbili lazima ikae katikati kabisa, kwenye 324. Kosea milimita moja tu, na sauti itakuwa ya uongo kila siku, hata upake rangi nzuri namna gani.

Nyuzi sita zikikazwa, kwa pamoja huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 45. Ni kama gunia la nusu la mahindi linaning'inia hapo mchana na usiku. Shingo ya mbao peke yake ingepinda kama upinde. Kwa hivyo ndani yake, mahali usipopaona, fundi ametoboa mfereji na kuweka chuma kirefu chenye parafujo mwisho wake. Chuma hicho huvuta kinyume cha nyuzi. Wakati wa mvua mbao ikinywa unyevu, na wakati wa kiangazi ikikauka, unazungusha parafujo kidogo tu, shingo inanyooka.

Halafu kuna kile kifaa wanamuziki hukiita pikapu, na simaanishi gari. Ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, unazaa stima kidogo sana ndani ya ule waya, na amplifaya inaikuza mpaka mnaisikia mlioketi nyuma. Fundi wangu huzungusha waya huo kwa cherehani kuukuu ya mkono iliyokuwa ya mamake, na kikokotoo cha dukani alichokiunganisha kwa waya mbili ndicho kinachohesabu mizunguko. Waya ukikatika kwenye mzunguko wa elfu sita, anaanza upya. Mle ndani hakuimbi mtu, hakuna haraka.

Vitu vingine hakutengeneza yeye. Funguo za kukazia nyuzi, daraja la chuma na swichi zilitoka Luthuli Avenue kule Nairobi. Aliniambia hivyo wazi, bei zake zikiwa zimeandikwa kwenye daftari.

ROHO WA MUNGU NA MIKONO YA FUNDI

Sisi wapentekoste tunapenda kuzungumza juu ya kujazwa Roho. Tukisikia mtu amejazwa Roho, tunangoja ahubiri, anene kwa lugha, atabiri. Amina, na Mungu azidishe. Lakini fungua Kutoka 31 usome polepole. Hapo Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita mtu kwa jina lake, Bezaleli mwana wa Uri, na amemjaza Roho wake. Kwa kazi gani? Kuchonga mbao, kukata mawe, kufua dhahabu na fedha na shaba. Katika sura hiyo Bezaleli hahubiri hata mara moja. Upako wake ulikuwa kwenye mikono.

Ukisoma 1 Wafalme 10 utakuta kwamba merikebu zilipoleta mbao za thamani kutoka Ofiri, Sulemani alizitumia katika nyumba ya Bwana na katika nyumba yake, na pia zikatengenezwa vinubi na vinanda vya waimbaji. Na katika 1 Mambo ya Nyakati 23 kuna wasifu elfu nne wanaotumia vyombo alivyovifanya Daudi. Jiulize, vyombo vya watu elfu nne! Nyuma ya sifa zile kulikuwa na vumbi la mbao nyingi na watu wengi wenye malengelenge mikononi, ambao majina yao hatuyajui.

Mwaka jana tundu la waya kwenye gitaa lililegea. Nilifungua kifuniko cha nyuma nilitazame. Ndani ya lile shimo la mvule, mahali ambapo hakuna mtu wa kuangalia, nikaona maandishi ya penseli: jina la fundi, mwezi, mwaka, na chini yake maneno mawili, "mkono wa kushoto". Ndivyo alivyolikumbuka gitaa langu. Na nikaona kitu kingine. Hata humo ndani alikuwa amepiga msasa mpaka mbao ikawa laini. Kwa nini upige msasa mahali pa giza? Sikumwuliza. Nilikaa tu na ile bisibisi mkononi.

JE, LA DUKANI NI DHAMBI?

Hapana. Kijana wetu aliuliza kasoro yake, na lazima niseme ukweli. Magitaa mengi ya kiwandani ni mazuri, na bei yake ni ya mwananchi. Yule Leo Fender wa Marekani, ambaye kampuni yake ndiyo ilieneza gitaa la stima la ubao mtupu kuanzia mwaka wa 1950, alikuwa fundi wa redio. Yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Alitumia shingo inayofungwa kwa parafujo ili gitaa litengenezwe haraka, na shingo ikiharibika ibadilishwe kwa dakika chache. Kwa sababu ya mawazo kama hayo, leo mtoto wa hapa Trans Nzoia anaweza kushika gitaa. Sitadharau hilo. Franco Luambo Makiadi wa Kongo alianza na gitaa la mkebe lenye nyuzi za waya wa stima. Mimi nilianza na mkebe wa mafuta ya kupikia na nyuzi za breki ya baiskeli. Mungu hupokea sifa kutoka kwa mkebe pia.

Tofauti ninayoiona mimi ni hii moja. Gitaa la dukani nilikuwa nikilijua lenyewe tu. Hili ninamjua aliyelitengeneza. Najua anakunywa chai bila sukari, najua binti yake yuko chuo cha ualimu, najua mgongo humsumbua wakati wa baridi. Siwezi kulishika nikasema ni kitu changu tu. Na ukishamjua mtu aliyekufanyia kazi, kuna swali huwezi kulikwepa: je, nilimlipa inavyostahili?

HESABU YA MTU ANAYEFANYA KAZI

Siku ya kupatana bei, fundi aliposikia mimi ni mchungaji, alitaka kushusha. "Wewe ni mtumishi wa Mungu, Pasta. Leta hamsini, zilizobaki iwe sadaka yangu."

Nilimshukuru, na nikamkumbusha 2 Samweli 24. Daudi alikwenda kununua uwanja wa kupuria nafaka wa Arauna ili amjengee Bwana madhabahu. Arauna akataka kumpa bure, uwanja na ng'ombe na kuni. Daudi akakataa. Hakutaka kumtolea Bwana kitu ambacho hakikumgharimu chochote. Akalipa shekeli hamsini za fedha. Alikuwa mfalme, angeweza kuchukua na Arauna angeshangilia. Alilipa.

Kisha nikamwomba fundi anionyeshe daftari. Vifaa vilikuwa 31,000. Zilizobaki 41,000 zilikuwa za mikono yake, na kazi yenyewe ilikuwa ya siku kama arobaini. Piga hesabu mwenyewe: ni kama elfu moja kwa siku, ujira wa kawaida wa mtu wa mjengo, kwa kazi ambayo hapa mjini sijamwona mwingine anayeifanya. Nikishusha elfu ishirini na mbili, sijapunguziwa na tajiri. Nimemfanyisha kazi siku ishirini na mbili bure, halafu nikamwambia Mungu atambariki.

Kuna kisa cha kweli kutoka California kinachonirudia kila nikifikiri habari hizi. Mwanamuziki Jerry Garcia alipigiwa magitaa na fundi mmoja wa karakana ndogo, Doug Irwin. Maisha ya Garcia siwapendekezei vijana, dawa za kulevya zilimtesa sana. Lakini sikiliza hili. Gitaa moja waliloliita Tiger lilimchukua Irwin karibu miaka sita, likakamilika mwaka wa 1979. Garcia alipofariki mwaka wa 1995, wosia wake ulisema magitaa yaliyotengenezwa na Irwin yarudishwe kwa Irwin mwenyewe. Wanabendi wenzake walipinga wakisema ni mali ya bendi. Wakati huo fundi mwenyewe aliishi kwa shida, bila uwezo. Mwishowe walipatana, akapewa mawili, na mwaka wa 2002 yakauzwa kwa mnada New York kwa zaidi ya dola milioni moja na laki saba kwa pamoja.

Fikiria. Maelfu ya watu walisikia kazi ya mikono yake kwa miaka, na yeye akakaribia kukosa pa kuishi. Kilichomfikia kilimfikia kwa sababu mwenye gitaa, pamoja na udhaifu wake wote, alikumbuka ni mikono ya nani.

VYOMBO VIWILI UKUTANI

Sasa naja kwako.

Nilisema niliona magitaa manne ukutani siku ile ya jeneza. Mawili yameshauzwa. Mawili bado yako pale. Moja ni besi iliyoagizwa na kwaya fulani, ikalipiwa elfu kumi ya kwanza miaka mitatu iliyopita. La pili liliagizwa na kikundi cha maombi. Yote mawili yamekamilika. Walioagiza hawapokei simu. Wakipokea wanasema, "Fundi, tuombee, tunaamini Mungu." Sitataja jina la mtu wala la kanisa, na hawako katika ushirika wetu. Lakini mtandao hauna ukuta, na huenda unasoma.

Nilimwuliza kwa nini asiuze kwa mwingine. Akasema, "Pasta, nilipokea pesa zao. Si vyao, kwa sababu hawajamaliza. Si vyangu, kwa sababu nilipokea. Nikiviuza, watakuja kesho na watasema fundi ni mwizi."

Halafu akaniambia neno ambalo limenikosesha usingizi: "Jeneza hulipwa kabla jua halijatua. Gitaa hulipwa Mungu akipenda."

Wapendwa, amesema uongo? Mtu akifa, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa saa hiyo hiyo. Mweka hazina, namba ya M-Pesa, orodha ya waliochanga. Siku ya tatu jeneza limelipwa, na la mbao nzuri. Nashukuru Mungu kwa moyo huo, ni moyo wa Kikristo. Lakini fundi huyu huyu, kwa nyundo ile ile, akitengeneza chombo cha kumsifu Mungu aliye hai, tunamwambia angoje.

Aliniambia mwezi uliopita kwamba mwaka ukiisha ataondoa ile meza ya nyuma aweke majeneza pande zote mbili. Hakusema kwa hasira. Ana karo ya kulipa. Kijana anayemfundisha kazi ameshaanza kuendesha boda boda siku tatu kwa wiki. Meza ile ikiondoka, ile hesabu ya freti, ile cherehani, ule mkono unaojua kupima kidole kilichopinda, vyote vitanyamaza. Hatutakuwa na mtu wa kulaumu ila sisi tulioagiza kwa imani na kulipa kwa ahadi.

Soma Walawi 19:13. Mungu anakataza ujira wa mfanyakazi kulala kwako mpaka asubuhi. Soma Yakobo 5:4, ambapo ujira uliozuiliwa una sauti, unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Inatisha kufikiri kwamba Jumapili sifa zetu zinapopanda, kuna kilio kingine kinapanda pamoja nazo kutoka karakana ya mabati. Unadhani Mungu anasikiliza kipi kwanza?

YA JUMAPILI HII

Mnajua kamati ya sifa inataka kununua besi. Jumapili baada ya ibada ya pili, wazee na mashemasi watakaa waamue: ya dukani ya 24,000 au ya fundi ya 65,000. Mimi nitakuwa nje ya kikao. Fundi amekuwa rafiki yangu, na si haki rafiki apige kura. Nimewaandikia wazee jambo moja tu: kama ni ya fundi, pesa zote ziwe benki kabla ya kumwambia aanze. Kama hazipo, nunueni ya dukani, mpigeni Mungu sifa, na hakuna atakayepungukiwa upako. Besi ya dukani iliyolipiwa ni safi kuliko ya mvule yenye deni.

Na gitaa langu? Kila Jumatano jioni liko kanisani kwenye darasa la vijana, na yeyote anayejifunza hulishika. Limeshapata mkwaruzo wa zipu ya jaketi ya mtu, na sitaki kujua ni nani. Shingo yake ni nyembamba, kwa hivyo watoto wenye vidole vifupi wanalipenda. Yaani kilichochongwa kwa ajili ya kidole kibovu cha mzee kimewafaa wadogo. Hilo hatukulipanga, mimi wala fundi.

FANYA HIVI WIKI HII

Dawa ya deni ni kulipa, wahenga walishasema. Kwa hivyo, mpendwa, kabla hujaja ibadani Jumapili:

1. Keti na kalamu. Andika jina la kila mtu aliyekufanyia kazi kwa mikono na hujamaliza kumlipa. Fundi cherehani aliyeshona sare za kwaya. Yule aliyejenga choo. Dada anayekufulia nguo. Kijana aliyepalilia shamba. Usiandike "fundi". Andika jina lake. Kama hulijui, hapo pana kazi ya kwanza.

2. Kama una pesa, lipa leo, na usiongeze mahubiri juu yake. Kama huna, piga simu wewe mwenyewe, sema ukweli, taja tarehe, na uitimize. Usimwambie akuombee.

3. Kama uliagiza kitu na umeona hutaweza kukimaliza, mwachilie mwenye kazi. Mwandikie wazi kwamba anaweza kuuza. Mnaojua mna vyombo viwili ukutani Kitale, neno hili ni lenu. Sijakasirika. Nawaomba.

4. Usiombe "bei ya kanisa". Ikiwa mtu anataka kutoa sadaka, mlipe kwanza pesa zake zote mkononi, halafu mwache atoe mwenyewe akiwa na uhuru.

Tuombe.

Bwana Yesu, wewe uliyejulikana kama seremala kabla ya kujulikana kama mwalimu, unajua uzito wa mbao na uchungu wa mgongo. Wabariki wote wanaofanya kazi mahali pasipoonekana. Tupe ujasiri wa kufungua daftari zetu mbele zako. Kila ujira uliolala mikononi mwetu, utuondolee usingizi mpaka tuutoe. Mfungulie fundi wetu mlango kabla mwaka haujaisha, na kama mlango huo ni sisi, tusiwe tumefungwa. Katika jina la Yesu, Amina.

Kijana wangu uliyeuliza, asante tena. Njoo Jumatano ulishike.

Kama umekubali neno hili, usiandike AMINA hapa chini mpaka uwe umelipa. Nitangoja.

Mbarikiwe.
Mchungaji wenu.